Mkungu kwa bustani ya Dodoma: mche wa kununua ukitaka majani mekundu

Ukiingia kwenye kitalu cha miche hapa Dodoma ukaomba mti wa rangi, utapewa mti wa maua. Utaonyeshwa krismasi na jakaranda, na kama muuzaji ana mengi, kifabakazi. Ni miti mizuri, ila rangi yake ni ya majuma machache ya maua, basi. Anayetaka majani yenyewe yageuke, yawe mekundu, ya shaba au ya njano kabla ya kupukutika, mche wa kuomba ni mkungu. Tathmini hii ni ya mche huo unavyouzwa kwenye viriba, ile mifuko ya kuoteshea miche: namna ya kuutambua, kasoro za kukagua kabla hujalipa, upandaji, na gharama yake halisi. Gharama hiyo iko kwenye maji kuliko kwenye bei ya mche.

Tunaupa alama 4 kati ya 5. Moja imekatwa kwa sababu mkungu ni mti wa pwani, umezoea mvua ya milimita 1,000 na zaidi kwa mwaka, na Dodoma kwa wastani hupata kama 550 hadi 600. Pengo hilo lazima ulijaze wewe kwa ndoo, angalau miaka 2 ya mwanzo.

Rangi yenyewe inatoka wapi? Miti ya Ulaya, Marekani na Japani hugeuka kwa sababu siku zinafupika na usiku unapoa. Mti huacha kutengeneza klorofili, ile ya kijani huvunjika na naitrojeni yake hurudishwa kwenye matawi, na njano iliyokuwamo ndani ya jani siku zote hubaki wazi. Nyekundu ni habari nyingine. Hiyo ni rangi iitwayo anthosiani, inatengenezwa upya kwa sukari iliyobaki kwenye jani, na haitengenezwi vizuri bila jua. Dodoma iko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo tofauti ya siku ndefu na siku fupi haifiki hata saa moja, na mti hauwezi kuitegemea. Kazi hiyo hapa inafanywa na ukame. Mvua hukatika Aprili, udongo hukauka polepole, halafu kipupwe cha Juni hadi Agosti hushusha joto la usiku hadi nyuzi 13 au 14 huku mchana jua likiwaka bila wingu. Ukame, usiku wa baridi na jua kali vikikutana, jani kuukuu la mkungu huwa jekundu.

Lichukue moja mkononi lililo nusu njiani. Utaona wekundu haukuanza sawasawa. Umeanza kwenye uwanda wa jani katikati ya mishipa, kwa mabaka ya rangi ya damu ya mzee, ilhali mshipa mkuu na matawi yake vimebaki na ukijani unaoelekea njano. Ligeuze upande wa chini: rangi huko ni hafifu, kwa sababu jua lilikuwa linapiga juu. Na kama jani jingine lililifunika sehemu, hiyo sehemu iliyofunikwa itakuwa ya njano. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba mkungu uliopandwa kwenye kivuli cha ukuta au chini ya mwarobaini mkubwa hautawahi kukupa wekundu unaoutaka. Utakupa njano iliyochoka. Panda mahali panapopata jua saa 6 kwa siku au zaidi.

Utambuzi sasa, maana hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoondoka na mti mwingine. Jani la mkungu ni kubwa, urefu wake sentimita 15 hadi 25, na umbo lake ni kama kafi: jembamba karibu na kikonyo, pana kuelekea ncha. Majani hukaa kwa mafungu kwenye ncha za vitawi, hayatawanyiki tawi zima. Chini kabisa ya jani, pale uwanda unapoanzia karibu na kikonyo, pana tezi mbili ndogo kama vipele, moja kila upande wa mshipa mkuu. Mche ukishafika mita moja na nusu utaona matawi yakitoka kwa duara, tabaka moja, halafu shina tupu, halafu tabaka jingine, kama ghorofa.

Tabaka hizo ndizo zinazowachanganya watu, kwa sababu ule unaoitwa mti wa mwavuli, uliojaa mitaani na kwenye maofisi, ni ndugu yake wa karibu kutoka Madagaska na una ghorofa vilevile. Tofauti iko kwenye jani: la mwavuli ni dogo, kwa kawaida halizidi sentimita 7. Ni mti mzuri wa kivuli na huvumilia ukame vizuri kuliko mkungu, lakini ukinunuliwa kwa ajili ya majani mekundu utakusikitisha. Kuna aina yake yenye majani ya madoa meupe na machipukizi ya waridi, nayo huuzwa kama mti wa rangi. Hiyo inapendeza mwaka mzima, ila haigeuki.

Jaribio jingine: vunja kikonyo cha jani moja. Mkungu hautoi utomvu mweupe. Kikitoa maziwa na jani ni nene linalong'aa, huo ni mti wa mpira. Na ukionyeshwa mche wenye majani ya rangi ya zambarau iliyoiva tangu ungali mdogo, ukaambiwa huo ndio mti mwekundu, ukivunja ukatoa maziwa, uwe mwangalifu. Huo ni wa jamii ya mtupa na manyara, utomvu wake huwasha ngozi na ukiingia jichoni huleta maumivu makali. Nyumba yenye watoto wadogo isiupande karibu na njia.

Sasa tuko kitaluni. Kosa kubwa la wanunuzi ni kuchagua mche mrefu kuliko yote. Mche wa mita moja na nusu uliokaa kwenye kiriba kidogo kwa miaka 2 umeshajeruhiwa chini hata kama juu unapendeza. Mzizi mkuu ulifika chini ya kiriba, ukakosa pa kwenda, ukajikunja. Mzizi uliojikunja haunyooki ukishapandwa. Mti utakua mwaka mmoja au miwili, kisha kiangazi kikali kikija hauna mzizi wa kufuata maji chini, unaacha kukua. Chagua mche wa sentimita 30 hadi 50, shina lenye unene wa penseli, majani manane au zaidi, na kichipukizi cha juu kilicho hai. Nyanyua kiriba utazame chini: kimzizi kimoja cheupe kikichungulia si tatizo, ila mzizi mnene wa kahawia uliotoboa na kuingia ardhini maana yake mche umekaa mno, na kuung'oa hapo ni kuukata mzizi mkuu. Kisha shika shina karibu na udongo ulitikise polepole. Likicheza peke yake kwenye udongo, mizizi ni haba. Likienda pamoja na udongo wote, sawa.

Muuzaji akikuonyesha mche wenye majani mekundu kama ushahidi kwamba utageuka, usishawishike haraka. Kwenye kiriba wekundu mara nyingi ni dalili ya kiu au mizizi kubanwa. Tazama umbo la wekundu huo: yakiwa mekundu majani mawili matatu ya chini, ya zamani, na juu ni kijani kibichi, mche ni mzima. Yakiwa mekundu yote hadi juu na kichipukizi kimekauka ncha, uache. Uliza pia miche ilikuwa chini ya neti au juani. Iliyokulia kwenye kivuli isipandwe moja kwa moja. Iweke nyumbani penye jua la asubuhi tu kwa wiki 2, huku ukipunguza maji kidogo kidogo, ndipo uipande. Ukiruka hatua hiyo majani yataungua kingo ndani ya siku tatu.

Kuna jambo moja ambalo kitalu hakiwezi kukuhakikishia, nalo ni kiasi cha wekundu. Mikungu huoteshwa kwa mbegu, na mikungu ya mbegu haifanani: mingine huwaka, mingine huishia njano na kahawia. Uliza mbegu zimetoka mti gani. Njia ya uhakika zaidi ni kwenda mwenyewe Julai au Agosti kuangalia mikungu iliyokomaa mjini, kuweka alama kwenye ule uliogeuka vizuri, kisha kuokota kungu zake zikiiva. Loweka usiku mmoja, zilaze ubavu kwenye kiriba chenye udongo wa juu sehemu 3, mchanga 1 na samadi iliyooza 1, zifunike sentimita 2 au 3, weka unyevu. Mbegu mbichi huota wiki ya 3 hadi ya 6. Zilizokaa dukani mwaka mzima usinunue.

Shimo lichimbwe Oktoba au Novemba mapema, kabla mvua haijaanza, ingawa udongo wa Dodoma wakati huo ni kama saruji na utahitaji mtaimbo na sururu. Vipimo ni sentimita 60 kwa 60, kina 60. Udongo wa juu, sentimita 20 za kwanza, uweke upande wake. Wa chini upande mwingine. Sehemu nyingi za mji kuna tabaka gumu chini ya udongo mwekundu. Ukilikuta, livunje kwa mtaimbo hata kama umeshafika kina ulichotaka, vinginevyo shimo lako litakuwa beseni: mvua kubwa ya Januari italijaza na mizizi itaoza. Jaribu kwa ndoo 2 za maji. Yakiwa bado yamesimama kesho yake asubuhi, hujavunja vya kutosha.

Changanya udongo wa juu na ndoo moja ya lita 20 ya samadi iliyooza kabisa, ile isiyo na harufu wala mabua yanayoonekana. Samadi mbichi hapa ni hatari mara mbili: inaunguza mizizi na inaita mchwa. Subiri mvua ilowanishe ardhi hadi sentimita 30 au 40, kwa kawaida ni Desemba, ndipo upande. Chana kiriba kwa wembe pande mbili na ukiondoe chote. Kata sentimita moja ya chini ya bonge la udongo ili kuondoa mizizi iliyoanza kuzunguka. Shingo ya mche iwe usawa uleule iliokuwa nao kwenye kiriba. Ikizikwa, gome huoza. Kandamiza kwa mikono, usikanyage kwa kisigino. Tengeneza kisahani cha maji chenye upana wa mita moja, weka matandazo ya nyasi kavu unene wa sentimita 5 hadi 10, na uyaache mbali na shina kwa sentimita 15. Nafasi hiyo inakuwezesha kuona vijia vya udongo vya mchwa vikianza kupanda shinani. Vifute kila uvionapo na mwagilia. Mchwa hupenda gome linalokauka kuliko gome lenye maji. Majivu husaidia, lakini yakilowa kazi yake imeisha.

Umbali na nyumba, mita 8. Na septiki, hivyohivyo. Mkungu mkubwa mizizi yake hunyanyua pevingi, na majani yake mapana huziba mifereji ya paa kwa siku moja ya upepo.

Tufike kwenye maji. Mwaka wa kwanza, kuanzia Mei hadi mvua zirudi mwishoni mwa Novemba, ni kama wiki 30. Ndoo moja ya lita 20 mara mbili kwa wiki ni lita 1,200, yaani zaidi kidogo ya uniti moja ya maji kwa mti mmoja. Mwaka wa pili kiasi ni kilekile ila kwa mpangilio mwingine: ndoo 2 kwa mkupuo, mara moja kwa wiki, ili maji yashuke na mizizi iyafuate. Kumwagilia kikombe kikombe kila jioni hufuga mizizi ya juu, na mti huo ukikosa maji wiki mbili unakauka. Piga hesabu ya idadi ya miti kabla ya kununua. Mikungu mitano ni lita 6,000 kwa kiangazi kimoja, na kwa anayenunua maji ya boza hilo si jambo dogo.

Hapa lakini mkungu una sifa inayoupandisha juu ya miti mingine ya bustani kwa mji huu. Visima vingi vya Dodoma vina maji ya chumvi, na wenye visima hivyo wanajua jinsi majani ya miti mingi yanavyoungua ncha. Mkungu umezaliwa ufukweni, unavumilia chumvi kuliko karibu kila mti unaouzwa kitaluni. Ila usiache chumvi ijikusanye: mara moja kwa mwezi mimina ndoo 3 mfululizo ili chumvi ishuke chini ya mizizi, na ukiona ukoko mweupe kwenye kisahani, uukwangue utupe mbali.

Rangi usiitafute miaka 2 ya mwanzo. Mti mdogo unaomwagiliwa unakazana kukua na hubaki kijani. Mwaka wa tatu anza kuubana: tangu Juni punguza hadi ndoo 2 kila wiki mbili, usiukatie kabisa. Na mbolea ya kukuzia, urea au nyingine yenye naitrojeni nyingi, isiwekwe baada ya Februari. Naitrojeni ya mwisho wa masika hufanya majani yawe laini na ya kijani hadi Agosti, halafu yanakauka ghafla na kudondoka yakiwa ya kahawia. Wengi wanaolalamika kwamba mkungu wao haugeuki rangi wanaulisha na kuunywesha kupita kiasi.

Jambo moja la kuomba kwa moyo wote: usiukate kichwa. Mjini imekuwa desturi kukata ncha ya kila mti ili utanuke. Mkungu ukikatwa hivyo hutoa fimbo nyingi zinazosimama wima, ghorofa zake zinapotea na hazirudi. Ukitaka kupita chini yake, ondoa tabaka la chini kabisa baada ya mti kupita mita 3, tabaka moja kwa mwaka, wakati umepukutika.

Kuhusu miche au mbegu za mepo, ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, zinazotangazwa mitandaoni kwa picha nzuri: usinunue. Mbegu za mepo wa Japani huhitaji kukaa kwenye unyevu na baridi ya nyuzi 4 au 5 kwa miezi mitatu hivi ndipo ziote. Hata ukizitia kwenye friji zikaota, mti wenyewe unahitaji majira ya baridi ili machipukizi yafunguke vizuri mwaka unaofuata, na Dodoma haina baridi hiyo. Upepo mkavu wa Septemba utaumaliza. Mbegu za mepo wa buluu ni uongo mtupu, hakuna mepo wa majani ya buluu.

Kwa upande wa miti ya kwetu, anayesafiri kutoka Manyoni kuelekea Itigi na Tabora Septemba au Oktoba ameuona mtundu ukichipua mwekundu kama moto kabla ya mvua. Wekundu huo ni wa majani machanga, yanajikinga na jua hadi yakomae, kwa hiyo ni kinyume cha mkungu: wekundu huu ni wa kuzaliwa, ule ni wa kufa. Kwa uzuri hatujui mti unaoushinda. Kwa kununua, ni vigumu, vitalu vichache huwa nao, na sababu ni ya kibiolojia. Mtundu huishi kwa ushirika na kuvu wa kwenye mizizi, na miaka ya mwanzo hujenga mzizi huku shina likikauka kila kiangazi na kuchipua upya, jambo linalomfanya mteja adhani umekufa. Ukitaka kuujaribu, panda mbegu mbichi moja kwa moja shambani mvua zikianza, na tia shimoni viganja viwili vitatu vya udongo wa chini ya mtundu mkubwa. Mninga nao hugeuka njano kabla ya kupukutika, lakini una tabia hiyohiyo ya kukauka shina.

Mwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 hana nafasi ya mkungu. Huyo tunamshauri mlama, mti wa nyika yetu hii, unaobaki mdogo na ambao majani yake huwa mekundu hadi zambarau kabla ya kudondoka. Kitaluni ni nadra kuukuta umewekwa mbele, uliza. Ukikosa, mbegu zake ni rahisi kuzitambua porini: zina mabawa manne ya kahawia yanayosimama pande zote. Okota nyingi, kwa sababu wadudu hutoboa nyingi zingali mtini. Kata mabawa kwa mkasi, tupa zenye tundu, loweka zilizobaki usiku mmoja na uoteshe mbili kwa kila kiriba Septemba, ili Desemba mche uwe tayari kwa shimo. Vipimo vya shimo ni vilevile, umbali na nyumba mita 4, na maji ni nusu ya yale ya mkungu.